Baba alipiga solo, mimi rithm. Sasa naambiwa nikae mahali pake

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Morogoro mjini, upande wa Mji Mpya. Napiga gitaa la rithm, lile linaloshika mwendo wa wimbo, kwenye bendi ambayo baba yangu alikuwa anapiga solo, gitaa linaloongoza. Nasema alikuwa, kwa sababu alifariki miezi saba iliyopita, na mpaka leo neno hilo likinitoka nahisi kama nimemsema vibaya.

Baba alizaliwa 1965, mwaka aliokufa Salum Abdallah, mwanamuziki wa bendi ya Cuban Marimba ya hapa Morogoro. Alikulia kwenye mji ambao jioni ukipita mitaani unasikia magitaa. Habari za ajali iliyomuua mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe kule Mombasa zilipokuja, Januari 1979, alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, na alikuwa akinisimulia watu wazima walivyokaa nje ya nyumba zao bila kuongea. Alijifunza gitaa kwa kuazima. Lake mwenyewe alilipata akiwa tayari ana mke.

Mimi alianza kunifundisha nikiwa na miaka tisa. Mama yangu hakupenda, alisema mtoto wa kike na gitaa vinaenda wapi. Baba akamjibu kwamba vinaenda palepale alipo yeye. Alinifundisha rithm peke yake. Kila nikimwomba anionyeshe solo alisema, "Bado mama, kwanza jua kukaa." Kila siku ni kukaa tu. Nikaingia bendi nikiwa na miaka 17, yeye kulia, mimi kushoto kwake, na kwa miaka mitano sikuwahi kupanda jukwaani bila kuuona mgongo wa mkono wake.

Mwaka jana presha ilimsumbua, kisha akapata kiharusi. Mkono wa kushoto ukalegea. Tukapata shughuli ya harusi Ifakara, nikasema siendi. Akanikatalia. "Nenda, watu wameshatoa advansi. Na ukipanda jukwaani zima simu." Hiyo ilikuwa sheria yake tangu zamani, hakuna anayepanda na simu inayowaka. Nikaenda. Bendi ikachukua deiwaka wa solo, mpigaji wa kukodiwa kwa siku.

Baba alifariki Jumamosi hiyo saa nne usiku. Mimi nilikuwa napiga. Tulipomaliza, saa tisa, nikawasha simu nikakuta simu 17 za mdogo wangu. Asubuhi nikapanda basi la kwanza, likaharibika kabla ya Mikumi, tukakaa barabarani saa tatu nzima. Nimefika nyumbani saa kumi alasiri, wanaume wameshatoka makaburini tangu adhuhuri. Sikuuona uso wake. Mama, mimi nina ile karatasi ya listi ya nyimbo za usiku ule. Nimeikalia mara nyingi nikihesabu, wimbo huu dakika nane, huu kumi na mbili na sebene lake, kile kipande cha magitaa cha kuchezea, ili nijue baba anakata roho mimi nilikuwa napiga wimbo gani.

Baada ya arobaini nikarudi kazini, maana mama alikuwa eda na wadogo zangu wawili wanasoma. Kwenye shoo nalipwa 25,000, mara nyingine 30,000, na ndiyo hiyo inayokula nyumba. Napiga, vidole vinakwenda, lakini ndani pakavu. Watu wanacheza, wananitunza, nami nawatazama kama niko nyuma ya kioo. Najiona msaliti kuchukua pesa ya furaha za watu nikiwa na msiba.

Sasa kuna mambo matatu yamekuja pamoja.

Kiongozi wa bendi anataka nihamie solo. Anasema mashabiki wanataka kuona damu ya mzee, na solo analipwa zaidi, 45,000. Tunazihitaji. Lakini nikisimama ile sehemu aliyosimama nahisi namfukia mara ya pili. Tena solo hakunifundisha. Nitapiga nini?

Shangazi yangu, dada yake baba, ameniambia mbele ya watu kwamba kila nikipiga muziki baba anabanwa kaburini, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha. Tangu hapo silali vizuri.

Na gitaa lake. Sisi ni Waluguru, kwetu ukoo unafuata mama, na wazee wa ukoo wa baba wanasema vitu vyake vinakwenda kwa mpwa wake. Huyo mpwa hapigi gitaa, ameshaanza kulitafutia mteja.

La mwisho, sijui kama ni tatizo. Kwenye simu ya baba, ile ya kioo kilichopasuka, kuna nyimbo kama tisa alizojirekodi akiwa mgonjwa, kabla mkono haujalegea kabisa. Gitaa lake tu, anaimba kwa sauti ya chini. Nimesikiliza moja, sikufika mwisho. Katikati anaacha kupiga, anasema, "Hapa mama utaingia," halafu anakaa kimya kidogo, ndipo anaendelea. Nikazima simu. Sijaigusa tena.

Nishauri. Niache muziki, nipumzike? Au nikubali solo nijikaze kwa ajili ya familia? Kila mtu ananiambia jikaze, na mimi sijui mtu anajikazaje.

Binti wa mpiga solo, Morogoro

---

Marahaba mwanangu. Pole. Pole kwa baba, pole kwa ile barabara ya Mikumi, na pole kwa uso ambao hukuuona.

Nianze na ile karatasi ya listi, kwa sababu nadhani ndiyo imekushika koo kuliko solo na gitaa.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa kidato cha nne, shule ya bweni, katikati ya mitihani ya taifa. Wakubwa wakakubaliana nisiambiwe. Waliniambia siku nilipomaliza karatasi ya mwisho, siku 11 baada ya mazishi. Walifanya kwa mapenzi, wakati ule ndivyo ilivyokuwa na hata leo wapo wanaofanya hivyo. Mimi nami nilikaa nikapiga hesabu kama unavyopiga wewe. Mpaka leo najua kwamba saa wanamteremsha mama kaburini nilikuwa kwenye mtihani wa Jiografia, nasoma ramani, na nilikuwa nimefurahi kwa sababu swali nalijua. Ile furaha ndiyo iliyonitesa miaka. Niliwezaje kufurahi?

Kwa hiyo sitakuambia usijilaumu halafu nikapita. Hukuwepo. Ni kweli, na inauma, na sina dawa ya kuifanya isiwe kweli. Lakini hebu isome tena barua yako kama ingekuwa ya mtu mwingine. Nani aliyesema nenda? Nani aliyesema zima simu? Baba yako alikuwa mgonjwa, akijua ni mgonjwa, na akachagua binti yake aende kazini na afanye kazi kwa adabu aliyomfundisha. Wewe unaona ulimwacha. Mimi naona mzee aliyelala akijua saa hiyo mtoto wake yuko jukwaani, simu imezimwa, anafanya vilevile alivyoelekezwa. Hatuwezi kujua alikuwa anawaza nini saa nne ile. Tunajua alichokuambia kabla hujaondoka, na hicho kishike.

Hesabu ya dakika iache, mwanangu. Hata ukiupata huo wimbo, utaufanyia nini? Utaanza kuuogopa, na siku moja bwana harusi atauomba. Ile karatasi usiichane, mpe mama yako akuwekee kwenye nguo zake. Utaidai siku ambayo unaitaka kwa sababu nyingine.

Halafu nenda kaburini. Wanawake wengi wa kwetu hatusindikizi jeneza, lakini baadaye kuzuru wapo wanaokwenda, na kama kwenu kuna anayeona si sawa, simama kwa mbali ambapo unapaona. Nenda na mdogo wako yule aliyepiga simu 17. Muulize ilikuwaje. Umeniandikia barua ndefu, na humo sijaona mahali ulipomuuliza kijana huyo baba alikwendaje. Yeye alikuwepo, na inawezekana ana mzigo wake wa kuwepo kama wewe ulivyo na wako wa kutokuwepo. Nimeona nyumba nyingi ambazo kila mtu analia chumba chake.

Sasa kazi. Kuhusu solo sikutaka kujibu kwa kukisia, kwa sababu mimi ni mtu wa kucheza muziki, si wa kuupiga. Kuna mzee mmoja hapa Dar, jirani yangu, amepiga rithm kwenye bendi za dansi tangu enzi za bendi za mashirika ya umma. Nilimsomea kipande cha barua yako, nikificha mji na vyote vinavyokutambulisha. Alinyamaza muda, kisha akauliza: "Huyo binti, amekaa rithm miaka mitano na solo mmoja?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi hakuna mtu duniani anayeujua mkono wa yule mzee kama yeye. Solo akikosea, anayejua kwanza ni rithm. Akitaka kutoka, rithm ndiye anayemfungulia mlango. Akipotea, rithm ndiye anayemrudisha nyumbani."

Akaniambia pia jambo ambalo nimecheza dansi miaka 40 bila kulitambua. Solo anaweza kunyamaza wimbo ukaendelea, watu hawaachi kucheza. Rithm akinyamaza, ukumbi mzima unageuka kuangalia jukwaani kuna nini.

Nimelifikiria hilo pamoja na lile neno la baba yako, "jua kukaa." Wewe umelielewa kama kunyimwa, kwamba solo ni chakula kikubwa na wewe ulikuwa bado mdogo. Mimi nalisikia vingine. Alikupa sehemu ambayo bila hiyo yeye mwenyewe hapigi. Na unaniuliza mtu anajikazaje? Nadhani ulishafundishwa ukiwa na miaka tisa. Wimbo unaendelea, wengine wanapanda na kushuka, wewe umekaa. Kukaa huko hakuhitaji moyo uwe umejaa. Unasema vidole vinakwenda na ndani pakavu. Basi viache viende. Miezi saba si mingi. Wapo wanaodhani msiba ni arobaini ikishasomwa, jamvi likikunjwa na mtu naye amekunjwa. Haiko hivyo, hasa kwa mtu ambaye msiba wake unamsubiri kila Ijumaa na Jumamosi kazini, kulia kwake, palepale alipokuwa akisimama.

Hivyo rai yangu ni hii: usihamie solo sasa. Usikatae moja kwa moja, usikubali. Mwambie kiongozi wako, kwa heshima, kwamba utampa jibu baada ya Idi. Ramadhani haiko mbali, na mwezi huo bendi nyingi hupumzika au hupunguza shoo, kwa hiyo hutamwachia pengo. Mpaka hapo achukue deiwaka wa solo kama alivyofanya Ifakara. Asikupeleke haraka kwa maneno ya damu ya mzee. Mashabiki wanampenda baba yako, sawa, lakini wao Jumapili asubuhi wako kwao.

Kuhusu zile 20,000 za ziada, sizidharau. Najua nyumba yenye wanafunzi wawili inavyokula. Lakini ukipanda kwenye solo hujawa tayari ukaanguka mbele za watu, utapoteza hiyo na ile 25,000 pia. Ongea naye hili: una miaka mitano kwenye bendi, na tangu mzee afariki wewe ndiye unayewaelekeza hao deiwaka wapi wimbo unageuka. Hiyo ni kazi ya ziada. Omba ongezeko kwenye rithm. Hata akikupa 5,000 juu, chukua.

Na siku ukiamua kuhamia, kama utaamua, usiende kupiga kama yeye. Baba yako amezaliwa mwaka aliokufa Salum Abdallah. Muulize mzee yeyote hapo Morogoro kilichotokea Cuban Marimba baada ya ule mwaka. Bendi haikuzikwa na mwenyewe. Juma Kilaza aliishika, akaimba kwa sauti yake, akatunga ya kwake, na watu wa mji huohuo waliomlilia Salum wakamcheza Kilaza. Hakuna aliyesema amemfukia mwenzake. Walikuwa na kiu ya muziki, akawapa. Bendi ya baba yako inaweza kupata solo mwingine, awe wewe au mgeni, na mahali pa baba yako pakabaki pake.

Umesema unajiona msaliti kwa kuchukua pesa ya furaha za watu. Hapa nitakukemea kidogo, kama mama. Remmy Ongala, kabla hajawa Dokta Remmy tuliyemjua Dar, alikuwa kijana wa Kindu, Congo. Baba yake, mwanamuziki, alikufa Remmy angali mtoto mdogo. Mwaka 1964 mama naye akafariki. Remmy alikuwa na miaka 17 hivi, na wadogo zake wanamtazama wale nini. Akaingia kwenye muziki kuwalisha. Alifika Dar 1978, na baadaye akiwa na bendi ya Matimila aliimba kuhusu kifo waziwazi, kwa jina lake, kwenye kumbi za starehe, na watu wakacheza huku wanaitikia. Nilikuwa mmoja wao. Tulicheza tukiwa na misiba yetu mifukoni, maana nani Dar hii hana? Aliyekutunza juzi harusini huenda naye kazika mwezi uliopita, na zile saa mbili za muziki ndizo zinazomwezesha kuamka kesho. Pesa hiyo ni halali ya jasho lako. Nunua unga.

Kwa shangazi yako. Mimi si mwanachuoni, na suala la muziki katika dini masheikh wenyewe wana maneno yao, siwezi kuliamua gazetini. Lakini lile alilokuambia, kwamba dhambi unayofanya wewe anaadhibiwa baba, usilibebe kabla hujauliza. Katika Qur'an yamekuja zaidi ya mara moja maneno kwamba hapana mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Nenda kwa sheikh mwenye elimu na upole, ikiwezekana aliyemfahamu baba yako, umweleze yote pamoja na kazi yako na wadogo zako, umsikilize yeye. Na katika mambo ambayo Mtume alisema hayakatiki mtu akifa, limo la mtoto mwema anayemwombea. Hilo unaweza kulifanya usiku huu, badala ya kuhesabu nyimbo.

Shangazi mwenyewe usimchukie. Amefiwa na kaka. Wengine msiba ukiwazidi hutafuta wa kumlaumu, na wewe ulikuwa karibu. Mtafute siku akiwa peke yake, umsaidie kuchambua mchele, usianzishe habari hiyo. Mwombe akusimulie kaka yake alivyokuwa mdogo. Nadhani wewe pia unahitaji kumsikia baba yako kutoka kwa mtu aliyemjua kabla yako.

Gitaa: hapa usilie, fanya haraka. Mila ya ukoo kufuata mama ni mila ya watu wa heshima na sina neno nayo, ila hakuna mtu, mpwa wala mtoto, anayeruhusiwa kuuza kitu cha marehemu kabla mirathi haijashughulikiwa. Hakikisheni cheti cha kifo kimepatikana RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, jina la msimamizi lipelekwe Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ikishamteua, huyo ndiye atakayekusanya mali na kugawa, na ndiye wa kuulizwa kikipotea kitu. Mama yako awepo kikaoni, na wewe pia, tena mseme gitaa ni kitendea kazi cha nyumba. Kwa sasa litoke mahali lilipo likakae kwa mtu ambaye pande zote mbili zinamwamini, mjumbe au mzee wa msikiti. Mpwa akitaka thamani yake, inaweza kukadiriwa na akalipwa kidogo kidogo au akapewa kitu kingine. Wazee wa ukoo ukiwaendea kwa adabu kabla ya kwenda mahakamani, mara nyingi wanasikia. Waendee na mama.

Ukikosa gitaa pamoja na yote hayo, utaumia, sitakudanganya. Lakini ile simu ndiyo iliyonifanya nisimame nilipokuwa nasoma barua yako.

Kwanza jambo la fundi. Simu yenye kioo kilichopasuka inaweza kuzima wakati wowote na isiwake tena. Leo hii, kabla hujalala, mwambie mdogo wako ahamishe hizo nyimbo tisa kwenye flashi, na nakala nyingine kwenye simu ya mtu unayemwamini. Huhitaji kusikiliza. Ahamishe tu. Usiziweke mtandaoni bado, wala kiongozi wa bendi asipewe. Nyimbo hizo nazo ni mirathi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, haki za mtunzi zinaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, inaweza kuwaeleza namna ya kuzisajili kwa jina lake. Mzitaje kwenye kikao cha ukoo, maana watu hukumbuka kiti na redio wakasahau nyimbo.

Pili, lile nililolifikiria wiki nzima. Unaulizwa kama utapiga solo ya baba. Lakini baba kwenye simu ameshapiga solo mwenyewe. Alipiga akiwa mgonjwa, mkono unalegea, akaimaliza. Kinachokosekana ni rithm. Alisema utaingia wapi, na akakuachia nafasi ya kuingia, akanyamaza akikusubiri. Nilimweleza yule mzee jirani yangu hilo, akavua miwani. Akasema nikuambie hivi, nami naliandika kama alivyolitoa: "Asijifunze nyimbo zile. Ajibu tu. Aweke simu mezani, aketi kushoto, apige rithm yake kama siku zote."

Usifanye leo. Kama bado huwezi kuisikia sauti yake bila kuzima, subiri. Ramadhani, bendi imelala, baada ya futari nyumba ikiwa tulivu, anza na ileile moja uliyoikatisha. Ukifika pale anaposema utaingia ukashindwa kuingia, acha iende, irudie kesho. Mdogo wako akae karibu. Usiwe peke yako.

Na kama kabla ya hapo usingizi ukikataa kabisa, chakula hakishuki, au ukaanza kutamani nawe usiamke, hilo tena si la kusubiri Idi. Mwambie mama siku hiyohiyo, mwende hospitali ya mkoa mwombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Wapo kwa ajili ya watu kama wewe na mimi. Mimi sikwenda, nikaubeba mtihani wa Jiografia miaka 20, na nisingependa ubebe Ifakara muda huo.

Idi ikipita niandikie. Niambie wazee wa ukoo walisema nini, na shangazi alikusimulia nini. Na ule wimbo wa kwanza, niambie baada ya kile kimya chake unakwenda wapi.